Tisini na Nne za Travis

Ripoti za katikati ya muhula zilitolewa Jumamosi asubuhi, na kabla soda za kukaribisha wageni hazijaisha kwenye kreti, wazazi wa darasa la sita walikuwa wamejikusanya kando ya jiko la shule, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na hakuna aliyekuwa akitabasamu.

Dolphine Akeyo aliisoma ripoti ya mwanawe mara mbili. Hisabati, thelathini na nane. Sayansi, arobaini na tano. Muhula uliopita Travis alipata tisini na mbili katika Hisabati akawa wa tatu darasani, na Dolphine alimpigia simu mumewe Omolo, aliyekuwa njiani na lori kuelekea Juba, akamsomea alama moja moja mpaka mtandao ukakatika. Sasa mtoto alikuwa amesimama mbele yake akikwangua rangi ya ukuta kwa ukucha.

"Uliumwa siku ya mtihani?"

"Hapana."

"Sasa imekuwaje?"

"Sijui, Mama."

Hakuwa peke yake. Darasa zima lilikuwa limeporomoka. Koplo Oloya, askari polisi aliyehamia Kampala kutoka Gulu, alikuwa na binti aitwaye Alal ambaye tangu darasa la nne hakuna aliyewahi kumtoa nafasi ya kwanza. Alal alikuwa amepata arobaini na moja. Oloya aliikunja ripoti, akaikunjua, akaikunja tena. Alizungumza Kiswahili cha kambi za askari, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wazazi wale, maana nusu yao walitoka kaskazini, wengine Kenya kama Dolphine, wengine hapohapo mjini.

"Huyu mwalimu mpya anaharibu watoto yetu," alisema. "Mbele yake walikuwa sawa. Yeye amekuja, wameanguka. Mimi kazi yangu ni kupeleleza, hiyo kesi haina kazi mingi."

"Hata wangu amelia kutoka asubuhi," alisema Mama Shamim, aliyeuza vitenge mjini. "Mwarimu gani anaangusha darasa mzima? Tumeripa ada ya nini?"

Mwalimu mwenyewe, Lamwaka, alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa lake upande wa pili wa uwanja. Hakuna mzazi aliyemwendea. Alikuwa mwembamba, hajafika miaka thelathini, na alikuwa ameshika mikono nyuma kama mtu anayesubiri kuitwa.

Dolphine alikuwa mwenyekiti wa wazazi wa darasa hilo. Kwa hiyo walimgeukia yeye. Wakakubaliana kwamba Ijumaa watakutana na mwalimu mkuu ukumbini, naye Dolphine atasimama kwa niaba yao na kutaka Lamwaka aondolewe darasa la sita.

"Nitasema," Dolphine aliwaambia, na siku hiyo alimaanisha.

Nyumbani kwao, mtaa wa Kansanga, hakungoja hata chakula. Alitoa mtihani wa muhula uliopita, aliouhifadhi pamoja na vyeti vya ubatizo, akauweka mezani na kuyafunika majibu kwa gazeti. Alitaka kwenda Ijumaa na ushahidi.

"Fanya Hisabati yote. Kwenye karatasi nyingine."

Travis alifanya haraka, bila kufuta, bila kuinua kichwa. Alipomaliza, Dolphine alisahihisha. Alikosa moja tu. Hasira yake kwa mwalimu ikapanda maradufu, maana mtoto aliyekuwa mbele yake alijua. Ili ushahidi uwe na nguvu zaidi, akaamua kumpa maswali yaleyale kwa tarakimu tofauti. Swali la nane liliuliza hivi: tangi la lita mia mbili na arobaini limejaa robo tatu, lina lita ngapi za maji? Travis alikuwa amejibu mia na themanini. Dolphine akaandika upya, tangi la lita mia nne.

Travis akaandika mia na themanini.

"Soma tena, usiwe na haraka."

Alisoma huku midomo ikicheza. Akaandika mia na themanini, akaifuta, kisha akamtazama mamake usoni, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa huko.

"Basi achana na tangi," Dolphine alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kubadilika na hakuweza kuizuia. "Nina machungwa manane. Nakupa robo tatu. Unapata mangapi?"

Travis alilitazama gazeti lililofunika majibu.

"Travis."

"Mama, hilo halimo kwenye karatasi."

Dolphine aliinua mkono. Yeye mwenyewe hakujua kama alitaka kumpiga au kujishika kichwa, ila mtoto alijikunja akidhani ni kipigo. Mkono ukakaa hewani, kisha akaushusha mezani polepole.

"Nenda nje ucheze kidogo," alisema, kwa sababu hakujiamini.

Alipomwita tena, jua lilikuwa limeshafika upande wa pili wa ua. Travis alimweleza akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mwalimu wa zamani alikuwa akiyaandika majibu ubaoni kila asubuhi. Namba moja, namba mbili, mpaka mwisho. Walikuwa wakiyaimba. Aliyesahau alichapwa. Kisha mtihani ukija, ni uleule walioimba.

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi," alisema Travis.

Jumatatu Dolphine aliomba ruhusa katika mgahawa wa mtaa wa Kabalagala alikokuwa msimamizi wa stoo, akaenda shuleni watoto walipokuwa wakila. Mwalimu Lamwaka alikuwa peke yake darasani na rundo la madaftari. Alipomwona akasimama, na Dolphine akatambua kwamba habari za kikao zilishamfikia.

"Mama Travis. Karibu."

"Mwalimu, ulijua kwamba hawajui?"

Lamwaka alisogeza madaftari kando. Alimvutia kiti cha mwanafunzi, naye akakaa kwenye kingine, magoti yakigusa meza.

"Wiki ya kwanza niliwauliza maswali ya mdomo," alisema. "Nikaona kitu hakiko sawa. Shule hununua mitihani iliyochapwa tayari, na wachuuzi huuza ileile kila muhula, wanabadilisha jalada. Nikamwomba mwalimu mkuu anipe ruhusa nitunge yangu. Akasema tumia iliyonunuliwa. Nikatunga yangu."

"Ukawaangusha watoto wote."

"Sikuwaangusha. Nimewakuta chini." Kisha akainamisha macho. "Lakini nilikosea kutowaita wazazi kabla. Nilidhani ofisi itawaeleza. Mmepata karatasi tu, bila maneno. Hata mimi ningekasirika."

Akatafuta kwenye rundo, akatoa karatasi ya Travis. Dolphine alitegemea kuona alama nyekundu za makosa. Badala yake, pembezoni mwa kila swali palikuwa na maneno mafupi ya penseli.

"Tazama hapa. Kuzidisha anajua, hata tarakimu kubwa. Kugawanya anajua. Hili swali la duka, amepanga hesabu vizuri, akakosea mwisho tu. Sasa angalia yote aliyokosa. Sehemu, sehemu, sehemu. Hajui robo ni nini. Hilo ni somo la darasa la nne, na tangu hapo hakuna aliyegundua, kwa sababu alama zilikuwa nzuri."

"Kwa hiyo hii thelathini na nane..."

"Haisemi ni mjinga. Inaniambia mimi nianzie wapi." Lamwaka aliiweka karatasi mezani. "Kuna mtihani wa kuwapanga watoto nani wa kwanza nani wa mwisho. Huo una wakati wake, mwakani darasa la saba watafanya wa taifa na hakuna atakayewaimbia majibu. Lakini mtihani wa katikati ya muhula kazi yake ni hii. Nijue leo, nifundishe kesho, wiki ijayo niwaulize tena kidogo nione kama imeingia. Shida ni kwamba wazazi wakija hapa wanauliza jambo moja tu, amekuwa wa ngapi. Bado sijamwona aliyeuliza anajua nini."

Maneno hayo yalimchoma Dolphine, maana Jumamosi yeye pia aliitafuta nafasi kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

"Na Alal? Naye hajui?"

"Ya mtoto wa mwenzako siwezi kukupa," Lamwaka alisema kwa upole. "Kama vile sitampa Afande Oloya ya Travis."

Dolphine alipoinuka kwenda, mwalimu aliuliza swali moja. Aliuliza bila kumtazama, akiyapanga madaftari ambayo tayari yalikuwa yamepangika. "Ijumaa utasemaje?"

"Sijui bado."

"Bado niko kwenye majaribio ya kazi hapa," alisema Lamwaka. "Nakuambia tu ujue."

Alhamisi Travis alirudi kutoka shule akiwa na uso wa ajabu, si wa furaha wala wa huzuni. Mwalimu mkuu, Bwana Ojera, alikuwa ameingia darasani asubuhi, akamtuma Lamwaka ofisini, akagawa mtihani wa zamani. Ulikuwa wa marudio, alisema.

"Nimepata karibu zote," Travis alisema. Halafu akaja karibu, jambo ambalo siku hizo hakulifanya mara nyingi. "Mama, kesho usiseme ile ya machungwa. Wenzangu watanicheka. Watajua."

Dolphine alimshika bega. "Tutaona," alisema. Aliona wazi kwamba mtoto amelichukua neno hilo kama ahadi.

Ijumaa alasiri ukumbi ulijaa. Watoto wa darasa la sita waliachwa wacheze nje, na baadhi walikuwa wamening'inia madirishani. Bwana Ojera, mtu mnene mwenye sauti ya kutuliza, alimvuta Dolphine pembeni kabla ya kikao.

"Mama Travis, mambo yamekaa sawa. Nimeleta ripoti mpya. Wewe soma ombi la wazazi kwa ufupi, mimi nitatangaza kwamba mwalimu anahamia darasa la pili. Hakuna atakayeumbuka."

"Na hizi ripoti mpya ni za mtihani upi?"

"Ni za mtihani waliouzoea," alisema Ojera, na akaenda mbele.

Ripoti ziligawiwa. Dolphine aliisikia hewa ya ukumbi ikilegea. Mama Shamim alicheka kwa sauti na kuifuta miwani. Oloya, aliyekuwa amekuja na sare yake ya kazi, aliisoma ya Alal, akaipitisha kwa jirani aisome, jirani akampa mkono. Alal alikuwa wa kwanza tena. Dolphine akafungua ya Travis. Hisabati, tisini na nne. Wa pili.

Mwalimu Lamwaka alikaa kwenye kiti cha mwisho ukutani, amejikaza.

"Sasa mwenyekiti wa wazazi ana neno," alisema Ojera.

Dolphine alisimama. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo sana: asome mistari minne, akae, arudi nyumbani na mtoto wa tisini na nne. Dirishani aliona vichwa vya watoto, na kimoja alikitambua kwa masikio kuwa cha Travis. Akafikiria kutazama pengine. Akakitazama hicho.

"Mimi nimekuja na ombi lenu," alianza. "Mlinituma nalo na nilikubali. Lakini kabla sijalisoma kuna jambo la nyumbani kwangu. Ni la nyumbani kwangu tu, sisemi la mtu mwingine." Aliinua ripoti. "Ripoti hii inasema mwanangu ana tisini na nne. Jumamosi nilimuuliza, katika machungwa manane nikikupa robo tatu utapata mangapi. Hakuweza. Mtihani huu ameukariri. Si kosa lake, alifundishwa kuukariri. Tarakimu zikibadilika, hana kitu. Naogopa, wazazi wenzangu. Mwakani atakaa mbele ya karatasi ya taifa ambayo hajawahi kuiona. Kwa hiyo hii siichukui." Akaiweka ripoti mezani mbele ya Bwana Ojera. "Nataka ile ya thelathini na nane, na nataka mwalimu aliyeniambia ukweli abaki."

Kisha wote wakasema pamoja. Mama Shamim alidai kwamba Dolphine amenunuliwa. Mwingine alisema Wakenya wanakuja kuwafundisha watu shule yao. Oloya alisimama, na ukumbi ukatulia, kwa sababu alikuwa mrefu na kwa sababu ya sare.

"Wewe mama unataka kuaibisha watoto yetu," alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mtoto yako hajui, sawa. Yangu anajua. Mimi nakuonyesha sasa hivi."

"Afande, usimlete humu," alisema Lamwaka. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Tafadhali. Muulize ukiwa naye peke yenu, sio mbele ya watu."

Oloya alimtazama. Akatoka nje. Kupitia mlango uliobaki wazi walimwona akimwita Alal, wakaenda pamoja mpaka kwenye ukuta wa mbali. Alichuchumaa ili walingane kimo. Walimwona akiuliza kitu. Walimwona msichana akiinama na kuvitazama viatu vyake. Baba akauliza tena, akichora kitu chini kwa kidole. Hawakusikia hata neno moja, na hawakuhitaji kusikia.

Hakurudi ukumbini. Alimshika binti mkono wakatoka getini.

Baada ya hapo kikao kilikosa nguvu. Bwana Ojera alisema jambo litaangaliwa na uongozi. Wazazi wanne walichukua ripoti mpya na kuapa kuwahamisha watoto. Wengine waliziacha mezani bila kusema kwa nini. Mama Shamim alipendekeza mwenyekiti abadilishwe, watu wakainua mikono, na Dolphine akavuliwa uenyekiti mbele ya macho yake. Alisaini kitabu cha mahudhurio akatoka.

Travis hakuwa dirishani tena. Alimkuta nje ya geti ameuegemea ukuta, begi kifuani.

"Ulisema tutaona," alisema mtoto.

"Nilisema hivyo, ndiyo."

"Bénit wa darasani kwetu amenicheka tayari."

Dolphine alitaka kumweleza kwamba Bénit naye hajui robo tatu, lakini aliona hilo halitamsaidia mtu. "Nimekukosea, hukutaka niseme, nami nikasema," alimwambia. "Lakini ningenyamaza ningekukosea zaidi. Sijui kama unaweza kuelewa."

Travis aligeuka. Alitembea mbele yake mpaka nyumbani, na siku kadhaa baadaye bado alikuwa akimjibu kwa neno mojamoja, ndiyo na hapana, akila ameangalia sahani.

Lamwaka hakuhamishwa. Haikutangazwa kwamba anabaki, alionekana tu darasani Jumatatu, na Jumanne, na hakuna aliyemtoa. Dolphine alijua hilo kutoka kwa daftari la Travis, ambamo kila baada ya siku chache palibandikwa kikaratasi kidogo chenye maswali machache, bila alama wala nafasi, na neno la penseli chini yake: nusu anaijua, robo bado anachanganya, achore kwanza.

Alikuwa anahesabu magunia ya mchele stoo, Kabalagala, mhudumu alipoingia na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna polisi anamtafuta. Tangu kikao alikuwa akingoja jambo kama hilo, bila kujua litakuja na sura gani. Alijipangusa mikono kwenye aproni, akatoka.

Koplo Oloya alikuwa amesimama katikati ya mgahawa, kofia mkononi. Wateja wa meza ya jirani waliacha kuzungumza.

"Mama Travis. Tunaweza kukaa?"

Wakakaa. Alikataa chai, halafu akaikubali. Alichukua muda mrefu kukoroga sukari.

"Siku ile nimemuuliza mtoto robo tatu ya shilingi elfu moja," alisema hatimaye. "Pesa ambaye anaishika kila siku akienda dukani. Ameniambia hilo halimo."

Dolphine alimsogezea kikombe.

"Mimi darasa la tatu nimemchapa mara ngapi kwa sababu amekuwa wa pili. Wa pili, mama. Sasa nakaa naye jioni na daftari, mwalimu ameandika theluthi, mimi mwenyewe naangalia hiyo theluthi naona giza. Nimesoma mpaka darasa la saba, nikaenda jeshi, ndio nikaingia polisi. Kule hawakuniuliza theluthi." Akaweka kijiko chini. "Nataka kwenda kwa mwalimu anionyeshe jinsi ya kumsaidia. Lakini yale niliyosema juu yake, kila mtu alisikia. Naona haya kuingia peke yangu."

"Unataka twende pamoja?"

"Kama wewe hauna kinyongo."

Dolphine alikuwa nacho, kidogo. Alimfikiria Travis na uso wake mezani, akaona kwamba kinyongo hakina mahali pa kukaa kwa sasa.

"Kesho mchana wakati watoto wanakula," alisema. "Ila vua kofia kabla hatujafika mlangoni. Mwili wako na hiyo sare vinamtisha mwalimu."

Oloya alikaribia kucheka. Kesho yake walimkuta Lamwaka akisahihisha, naye alipoiona sare akasimama upesi kama alivyosimama siku ile. Koplo akasimama kizingitini, akasema alichokuja kusema, kwa Kiacholi, taratibu, na Dolphine, ambaye hakuijua lugha hiyo, aliangalia nje mpaka walipomaliza. Kisha mwalimu akawavutia viti viwili vidogo vya wanafunzi, akachukua karatasi safi na kuikunja sehemu tatu zilizo sawasawa mbele yao.

"Tuanze na hii," alisema. "Afande, nionyeshe theluthi moja ni ipi."

Oloya aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akainua kidole chake kinene na kukishusha taratibu, bila uhakika, kwenye sehemu ya kwanza.